Uso wa Mzee wa Kasha Jekundu

Pale Sparkhill, kwenye safu za nyumba zilizoshikana nyuma ya Stratford Road, wanawake wakikosana hawaendi mbali. Wanampelekea Istahil awaamue. Hakusomea sheria wala hakuchaguliwa na mtu. Walimpa kazi hiyo kwa sababu moja tu, kwamba Istahil hasemi uongo. Aliwahi kusimama mbele ya watu akashuhudia dhidi ya dada yake wa kambo kwa ajili ya dhahabu ya arusi, na tangu siku hiyo neno lake likawa mhuri. Na yeye, tuseme ukweli, sifa hiyo aliivaa kama shungi jipya la Idi, akilivuta mbele kila mara ili lionekane.

Alizaliwa Garissa, akakulia Eastleigh, akaolewa akapelekwa Uholanzi. Ndoa ikafia hukohuko, naye akavuka kuja Birmingham na binti yake Najmo mkononi. Sasa Najmo ni mtu mzima, anasikia Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza, na Istahil ana miaka hamsini na mitatu na magoti yanayolia kila aonapo ngazi. Kwa miaka minne alikuwa akipanda mabasi mawili kila asubuhi kwenda Harborne kumtunza bibi mmoja Mhindi aitwaye Indu.

Indu alizaliwa Kisumu. Kiswahili alijifunza dukani kwa baba yake, na alikuja nacho Uingereza vilevile kilivyokuwa kauntani, hakijaongezwa kitu wala kupunguzwa. Mumewe, Arvind, alikuwa amefariki miaka sita nyuma. Macho ya Indu mwenyewe yalikuwa yakimwacha kwa namna ya ajabu: kingo za dunia aliziona, pindo la pazia, mguu wa meza, kiatu cha mgeni mlangoni, lakini katikati pana doa jeusi. Akikukazia macho usoni, uso wako ndio asiouona.

Basi katika nyumba ile palikuwa na kasha. Lilikuwa kubwa kama boksi la viatu, jekundu la kuiva, limechongwa pande zote, la Kichina, la miaka zaidi ya mia mbili. Arvind alilinunua mnadani mwaka wao wa kwanza Birmingham, wakati hawana hata kitanda cha maana, na Indu alimnunia wiki nzima. Baadaye akalipenda kuliko vitu vyote alivyochagua mwenyewe.

Istahil alipoliona mara ya kwanza alidhani limepakwa rangi ya kopo. Indu akamcheka. Ile ni laka, alimweleza, utomvu wa mti uliochanganywa na unga mwekundu. Fundi hupaka juu ya mbao tabaka moja jembamba, huliacha likauke, hupaka la pili, huliacha, hivyohivyo mpaka yafike mia na zaidi. Mtu huanza kupaka mtoto wake hajatembea, humaliza mtoto anakimbia. Ndipo anakuja fundi mwingine na kisu, kuchonga, na kisu chake kikiteleza hapana dawa.

Kila asubuhi baada ya chai, Istahil alilitoa kasha rafuni na kuliweka mapajani mwa Indu, naye Indu akalisoma kwa vidole. Alianza pembezoni.

"Hii popo. Moja, mbili, tatu, ine, tano. Kwetu popo iko mbaya, kwa Mchina iko bahati. Tano, beta," alisema, na beta ndivyo Wahindi wanavyomwita mtoto. "Miaka mingi, mali, afya, roho safi, na mwisho kufa vizuri kwa kitanda yako mwenyewe."

Kisha kidole kinapanda. "Hii msonobari, hata baridi haitupi majani. Hii korongo, ndege. Hii paa na pembe yake. Hii daraja. Na hii mzee, kwa mkono iko na pichi, matunda ya kuishi sana. Yote nasema kitu moja tu. Ishi, ishi, ishi."

Mwisho kabisa dole gumba lilifika kwenye uso wa mzee. Ulikuwa uso mdogo, haukuzidi punje ya harage, una paji kubwa la kuchekesha na ndevu nyembamba. Dole gumba lilikaa pale mpaka chai iliyobaki kikombeni ikapoa, kisha akasema, "Haya, rudisha." Istahil hakuwahi kuuliza kwa nini.

Rafu ya kasha ilikuwa katika chumba kidogo cha nyuma, kilichokuwa ofisi ya Arvind. Na chumba hichohicho ndicho Indu alichompa Istahil cha kusalia. Hakuombwa. Majira ya baridi adhuhuri na alasiri zote zinaangukia saa za kazi, na siku moja Indu alisikia maji ya udhu bafuni akasema, "Wewe naswali kwa korido kwa nini? Ingia hapo, heater iko." Istahil akashukuru, akatandika mswala. Alipotafuta kibla, kikawa upande wa rafu. Kasha likawa mbele yake sawasawa, limeegemezwa kwenye mbao ya nyuma ili yule mzee wa kifunikoni aonekane, akimchekea.

Wako watakaosema jambo dogo. Kwa Istahil halikuwa dogo. Alikua katika nyumba ambamo mama yake, kila akitoka dukani, alikaa kizingitini na wembe akakwangua nyuso za watu kwenye makopo ya maziwa na mifuniko ya biskuti, ili malaika wasikimbie nyumba. Kopo lilibaki na mwanamke mnene mwenye shela nzuri na kichwa cheupe kisicho na macho. Watoto walipewa kazi hiyo kama walivyopewa kuchambua mchele, na Istahil ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko wote.

Mwanzo alilifunika kasha kwa taulo. Siku ya tatu Indu alipapasa akalikuta taulo, akauliza ni la nini. "La kuzuia vumbi, Mama," alijibu Istahil. Na vumbi lilikuwepo, hakusema uongo. Lakini Indu alisema kasha halipendi kufunikwa, laka nayo inataka hewa, basi taulo likarudi bafuni. Angeweza kusema neno moja tu siku hiyo. Hakulisema. Alikuwa amejifunza toka utoto kwamba nyumba ya tajiri unafanya kazi, unalipwa, unaondoka; kuomba ni kujishusha. Mficha uchi hazai, na huyu alificha hata kile ambacho hakikuwa uchi.

Ikafika Jumanne moja ya mwezi wa kwanza. Siku za Jumanne alikuja Merveille, Mkongo wa Bukavu, kufagia na kupangusa. Istahil ndiye aliyemleta. Walijuana kituo cha basi, mwanamke mpole mwenye watoto watatu, na Istahil akamwambia Indu, "Huyu namdhamini mimi." Jina la Istahil lilitosha. Kupitia kwa Indu, Merveille akapata na nyumba ya jirani, Bi Kirandeep. Jumanne hiyo alipangusa chumba cha nyuma kama kawaida, akamaliza saa sita, akaaga.

Indu alipolala baada ya chakula, Istahil alitia udhu akaingia kusali. Alipiga takbiri, akaona uso. Akarudia, akaona uso. Akatoka mpaka jikoni, akachukua kisu kidogo cha kumenyea viazi.

Haikuchukua dakika. Mkono ulikumbuka kazi yake ya zamani: paji, macho, pua, ndevu. Unga mwekundu ulidondoka juu ya mswala kama pilipili ya kusaga. Alikuwa amekwisha kugeukia korongo, ncha ya kisu iko jichoni mwake, alipotazama vizuri mahali alipokwangua. Pale palipokuwa na uso palionekana mistari, myembamba kuliko ya kitunguu, mstari juu ya mstari, tabaka zote zile zilizosubiriana kukauka. Akakumbuka mtoto aliyekuwa hajatembea. Kisu kikamshuka mkononi.

Alikung'uta mswala dirishani. Akasali, na sala ile hakusikia hata neno lake moja. Alijiambia, ni uso mdogo, bibi haoni. Hapo alisahau, au alijisahaulisha, kwamba Indu hakuwa akilisoma kasha kwa macho.

Asubuhi yake Istahil aliweka kasha mapajani kama kila siku, kwa kuwa kutoliweka kungezua swali. Popo tano. Msonobari. Korongo, paa, daraja, pichi. Dole gumba likapanda, likafika, likasimama. Likashuka shingoni, likapanda tena.

"Uso iko wapi?" aliuliza Indu.

Istahil alianza kukusanya vikombe.

"Beta, tazama. Macho yangu haina kazi. Uso ya mzee iko wapi?"

"Umekwanguka, Mama."

Indu alilikumbatia kasha kifuani, akaanza kulia. Hakulia kwa sauti; machozi yalishuka tu, naye akaacha yashuke. Ndipo alipolisema lile ambalo Istahil hakuwahi kuliuliza. Arvind alikuwa na paji kama lile. Siku aliyolileta kasha nyumbani, Indu alipokuwa amenuna, Arvind aliweka uso wake karibu na wa yule mzee akasema, tazama, nimejinunua mwenyewe. "Picha yake iko ukutani, kumi na mbili," alisema Indu. "Mimi nasimama mbele, naona frame, naona ukuta. Uso sioni. Hii moja tu nilikuwa naona, kwa kidole."

Kama Istahil alikuwa na nia ya kusema, nia hiyo ilimkimbia palepale, kwa sababu jambo halikuwa tena kasha. Alikuwa amemkwangua mume wa mtu.

"Jana nani alishika?" aliuliza Indu.

"Jana Merveille alikuwa anapangusa kule chumbani," alisema Istahil.

Kila neno lilikuwa la kweli. Ungemwapisha kwa msahafu angeapa. Mwanamke asiyesema uongo alikuwa amegundua jinsi ya kuua mtu kwa ukweli, na alijua hivyo kabla sentensi haijamtoka mdomoni.

Siku hiyohiyo Indu alimpigia Merveille simu akamwambia asije tena. Jioni Bi Kirandeep alisikia, naye akamwondoa. Nani anataka mtu wa kuharibu vitu vya watu? Kwa siku moja Merveille alipoteza nyumba mbili na jina. Usiku alimpigia Istahil.

"Dada, wewe ulikuwa pale. Uliniona miye nafanya ile kitu?"

"Mimi sikuona kitu, dada."

"Basi umwambie Maman. Wewe anakuaminiaka."

"Nitaongea naye," alisema Istahil, na huo, angalau, ulikuwa uongo mtupu, wa kwanza ambao hakuweza kuutafutia nguo.

Wiki tatu alikwenda hivyo. Alisalia korido, kwenye baridi, kana kwamba chumba kile kimemfukuza. Indu hakuomba tena kuletewa kasha, na chai ya asubuhi ikawa chai tu. Najmo alimtazama mama yake mezani, akamwita mama kwa Kisomali akauliza, "Hooyo, what's wrong with you?" Istahil akasema ni magoti. Aliona aibu mbele ya mwanawe, aliona aibu kwenye basi mbele ya watu wasiomjua, na mbaya kuliko zote, aliona aibu kila mtu alipomsifu. Fatuma wa nyumba ya pili alikuja na ugomvi wa sufuria akasema, "Wewe sema, sisi tutakubali, maana mdomo wako haujui uongo." Istahil aliingia msalani akafungulia bomba ili asisikike.

Siku ya Alhamisi ilikuja bahasha, imeandikwa kwa mkono. Barua zote za nyumba ile Istahil ndiye aliyezisoma: za hospitali, za halmashauri, za gesi. "Soma, beta," alisema Indu. Istahil aliifungua amesimama, na alipoona jina chini alikaa.

Akasoma. "Maman Indu, ni miye Merveille. Nilifikiri sana juu ya ile sanduku. Sikumbuki kama niliumiza uso ya mzee. Lakini siku ile mikono ilikuwa inauma na nilipangusa haraka-haraka..."

Hapo alitua. Mstari uliofuata aliuona wote. Angeweza kuuruka ili asiutamke kwa mdomo wake mwenyewe, Indu asingejua kamwe, karatasi kwake ilikuwa weupe mtupu. Angeweza kusema barua imeishia hapo, na Mkongo wa watu angebaki hajaomba radhi wala hajasamehewa. Alifikiri hivyo kweli, tusimpake mafuta. Kisha akausoma.

"Labda ni miye. Kama ni miye, niko naomba pardon. Ule mzee nilikuwa namusalimiaka pia, kila mardi, kila Jumanne, namwambia bonjour Papa. Mungu akuponye macho."

Indu alikuwa ameanza kutikisa kichwa, amelainika. "Amesema pole. Mtu mzuri. Andika, mwambie..."

"Mama," alisema Istahil. "Si Merveille. Ni mimi."

Indu alinyoosha mkono akaichukua barua, akaikunja mara mbili.

"Umekwangua na nini?"

"Kwa kisu cha viazi."

"Kwa nini?"

Akamweleza yote, kuanzia taulo, mpaka wembe wa mama yake Eastleigh, mpaka korongo aliyeponea chupuchupu. Alisema huku akitazama mikono yake. Indu alimwelekezea uso, kwa mazoea tu ya watu wenye macho, na Istahil alishukuru kwamba haonekani, kisha akaona aibu kwa kushukuru.

"Hiyo rafu iko mbao," alisema Indu baadaye. "Hii nyumba iko rafu kumi. Wewe ungesema, Mama, toa hii box, mimi naswali hapa. Siku hiyohiyo ningetoa. Miungu yangu iko kwa kabati, iko na pazia, miaka ine hujapita hapo na viatu. Mimi nilikuambia uvue? Hapana. Wewe najua mwenyewe. Nilifikiri na mimi najua ya kwako, kama iko kitu utasema."

"Niliona haya kuomba, Mama."

"Kuomba uliona haya." Indu aliyarudia maneno polepole, kama mtu anayepapasa kitu asichokijua. "Na ile asubuhi nimekuuliza nani alishika. Ulisema nini?"

"Nilisema Merveille alikuwa anapangusa."

"Ilikuwa kweli?"

"Ilikuwa kweli."

"Hiyo ndiyo mbaya," alisema Indu. "Sasa piga simu. Weka loud. Sema na mdomo yako, mimi nasikia."

Merveille alipokea akiwa barabarani, magari yalisikika. Istahil alisema. Hakuzungusha, hakutafuta kweli ndogo ya kujifichia.

"Basi haikuwa miye," alisema Merveille.

"Haikuwa wewe."

"Dada, miye nilienda kanisani wiki mbili, naomba Mungu anisamehe juu ya mikono yangu. Nilikuwa nayaangaliaka, nasema, hii mikono imefanya nini nami sijui." Akavuta pumzi. "Na ni wewe ulinileta kwa hiyo nyumba."

"Ni mimi."

"Maman, uko hapo? Nitakuja mardi. Nakuja kwako wewe."

Alikuja, na mpaka leo anakuja. Nyumba ya Bi Kirandeep hakuirudia. Istahil alikwenda mlangoni kwa miguu yake akaeleza, naye Bi Kirandeep akamsikiliza, akasema ni jambo la kusikitisha, ila sasa ana mtu mwingine. Merveille humsalimia Istahil vizuri, kama unavyomsalimia dereva wa basi. Indu hakumfukuza Istahil kazi. Angefukuzwa pengine angepona mapema.

Kule Sparkhill aliwaambia wanawake wamtafute mtu mwingine wa kuwaamulia, kwamba yeye hafai. Walimbishia. Wakasema huo ndio uungwana, mtu mkweli kutojiona, na sifa yake ikapanda. Alifungua mdomo awaeleze kisa kizima, kisha akamwona Fatuma anavyomtazama kwa heshima, akaufunga. Deni hilo bado anadaiwa na roho yake, na kila Ijumaa anajiapiza kulilipa.

Kasha sasa liko sebuleni, kwenye meza kando ya kiti cha Indu. Asubuhi analisoma tena, mwenyewe, haombi kuletewa. Popo tano, msonobari, korongo, paa, daraja, pichi. Dole gumba likifika shingoni mwa mzee linaruka, linatua kwenye wingu lililo juu yake, na Indu anasema, "Haya."

Na chumba cha nyuma ni cha Istahil peke yake. Indu ndiye aliyemwamuru arudi kusalia humo. Mbele yake hakuna tena uso wa kiumbe. Ipo rafu tupu tu, mbao yake ya nyuma imepaushwa na jua la miaka hamsini, isipokuwa katikati, pale kasha lilipokuwa, pamebaki mstatili wa rangi ya zamani, mweusi, wenye pembe kamili. Anaposimama kuelekea kibla unakuwa usawa wa macho yake. Siku moja alijaribu kuutoa kwa kitambaa na sabuni, akasugua mpaka mkono ukachoka. Hautoki.